Mposaji Tuliyekwenda Naye kwa Masokwe

Kwetu mtu hapewi mke kwa sura wala kwa cheo. Baba alikuwa akisema kwamba mtu humjui mpaka usafiri naye. Alipofariki, na mama akamfuata kabla eda yake haijaisha, maneno hayo niliyarithi mimi, pamoja na ndugu zangu wawili na nyumba ya Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Kwa hiyo alipokuja mtu kumposa mdogo wetu wa kike, nilimjibu kama ambavyo baba angemjibu: sina la kusema mpaka nisafiri nawe.

Nilikuwa na Salalah kichwani, kule kusini kabisa mwa Oman. Siku nzima barabarani, jangwa kulia, jangwa kushoto, mtu hana pa kujificha. Kufika katikati ya njia utakuwa ushajua kama ni mlalamikaji, kama anaswali kwa wakati, kama anasimamisha gari kwa haja ya mwenziwe bila ya kuombwa mara mbili. Hiyo ndiyo safari. Mimi nauza magari Wattaya tangu nilipoacha skuli, nikianzia kwenye kuyaosha, na gari vilevile halijulikani likiwa limesimama dukani limepigwa rangi. Hulijui mpaka ulipandishe mlima.

Lakini mdogo wangu wa kiume, huyu wa pili, anasomesha chuo kikuu na anakaa Al Khoudh, na watu wa namna yake hawaendi Salalah kama walimwengu wengine. Ana shahada ya udaktari katika elimu ya uongozi. Sijapata kumwona akiongoza kitu chochote zaidi ya rimoti ya kiyoyozi. Alishauriana na mposaji nyuma ya mgongo wangu, kisha wakaja wote wawili sebuleni kwangu, simu zimejaa picha.

"Kaka," akasema ndugu yangu, "safari tumeshaipata. Tunakwenda Uganda kuona gorila."

"Kuona nani?"

"Gorila. Masokwe wakubwa wa milimani. Wako msituni, unapanda kwa miguu mpaka unawafikia."

"Mimi nimesema nnataka kumjua huyu bwana. Sikusema nnataka kujuana na masokwe."

Mposaji akacheka. Nikamhesabia kosa la kwanza, maana sikuwa nimesema mzaha.

"Ni uzoefu, kaka," ndugu yangu akaendelea. "Watu wanatoka Ulaya kwa ajili hiyo tu."

"Watu wa Ulaya wanatoka Ulaya kwa ajili ya jua. Sisi jua tunalikimbia. Unataka kunambia nini?"

Mdogo wetu alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza, kama walivyosikiliza wanawake wote wa ukoo wetu. Walipoondoka akaja akaketi karibu yangu. Ni daktari wa meno, mtu mzima, ana wagonjwa wanaotetemeka wakimwona. Mbele za watu huniita kaka. Akitaka kitu huniita baba.

"Baba, nenda."

"Kwa masokwe?"

"Popote. Ila ukirudi unipe jibu moja. Wale wengine uliwakataa na mimi nilinyamaza, kwa sababu hata mimi sikuwataka. Huyu nnamtaka. Ukisema hapana ntakutii, lakini usinitafutie mwengine."

Alisema hivyo bila ya kulia, na ndiyo maana nikajua kwamba anakusudia. Mimi ndiye walii wake, bila ya idhini yangu haozwi. Nimemfunga viatu vya skuli, nimemsimamia mitihani, na sasa maisha yake yaliyobaki yalikuwa yanasubiri neno langu moja. Nikaagiza tiketi.

Mposaji mwenyewe hakunisaidia kumpenda. Kwao waliingia Oman wakitoka Bujumbura, na sisi tulitoka Unguja, na mtu wa Unguja akisikia Kiswahili cha bara hutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ni mhandisi wa maji, mwenye miwani na ndevu za kuchongwa. Siku ya kuondoka alikuja uwanja wa ndege amevaa suruali yenye zipu magotini, inayogeuka kaputula ukitaka, kofia yenye kamba kidevuni, na kamera shingoni. Mfukoni zilichomoza glavu nene za mtunza bustani.

"Hizi za nini?" nikamuuliza. "Unakwenda kutazama wanyama au kupalilia?"

"Kuna upupu huko, mzee. Nimesoma kabisa. Unashika mti, mkono unawaka."

"Mzee wako yuko kwenu."

"Samahani, shekhe."

Barabarani, kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe hadi milimani, alipiga picha kila kitu. Alipiga picha migomba. Babu yake aliuza chumvi na kaniki katika vilima vya namna ileile, chini ya migomba ileile, na mjukuu anamsimamisha dereva ili aipige picha kama ameona malaika. Alipiga picha ng'ombe wenye pembe ndefu, akapiga picha mtu aliyebeba viti vya plastiki kwenye baiskeli. Nilikaa mbele na dereva, nikahesabu makosa. Nitasema haki: hakulalamika, na kila ilipofika sala aliuliza yeye wapi tutasimama. Lakini yule aliyekuwa amelala mdomo wazi kiti cha nyuma, akiamka kupiga chafya na kulala tena, alikuwa daktari wetu wa uongozi. Alisema ni hewa ya ndege.

Hoteli ya msituni ilikuwa ya daraja la kati. Ndugu yangu ndiye aliyeichagua, na alilitamka neno "kati" kama mtu anayetaja njia ya wastani katika dini. Sasa nimelala humo na naweza kusema hoteli ya kati ni kitu gani. Ingekuwa rahisi, ungeisamehe. Ingekuwa ghali, ungeidai haki yako. Ya kati huisamehi wala huidai. Unakaa tu unaitazama. Vibanda vya mbao vilikuwa vimepandishwa juu ya nguzo ukingoni mwa mteremko, paa la makuti limefunika bati ili wageni wasilione bati, lakini mvua ilipoanza bati lilijitangaza lenyewe. Umeme ulikuwa wa jua, katika mahali ambapo jua halikuonekana tangu tulipofika hadi tulipoondoka. Taa iliwaka rangi ya chai ya maziwa. Simu hazikuchajiwa vyumbani bali mapokezi, ambako zilipangwa juu ya meza moja, nyaya zimesukana kama tambi, na kila mgeni alikuja kuichungulia yake kama mzazi hospitalini.

Maji ya kuoga yalikuwa ya moto kwa wale walioomba mapema. Mimi sikujua kuwa maji huombwa. Nimetoka mji ambao mwezi wa sita maji ya bomba la baridi yanakubabua, na hapa nikasimama chini ya bomba la moto nikapigwa na barafu.

Ukutani kulikuwa na kibao kilichosema kwamba hapa mgeni hukumbatiwa na maumbile. Nilikumbatiwa kweli. Baada ya sala ya isha niliingia kitandani, nikatia miguu ndani ya blanketi, na mguu ukagusa kitu cha moto, laini, chenye kutikisika. Niliruka hadi mlangoni. Nilisoma dua zote nilizozikumbuka, nikachukua kiatu, nikafunua blanketi. Ulikuwa mfuko wa mpira umejazwa maji ya moto, umevalishwa kifuko cha sufi kama mtoto mchanga. Wanauweka humo wageni wasipate baridi. Asubuhi nikamwambia mhudumu kwamba kwetu mtu akikuwekea kitu kitandani hukwambia.

"Wageni wanapenda kushtukizwa, mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha huko.

"Mgeni huyu hapendi."

"Basi leo nitakuja kukuonyesha nikiuweka."

Udi nao ulituletea mambo. Siku ya pili, tukijitayarisha kwa matembezi ya karibu, nilitoa chetezo na makaa niliyokuja nayo kutoka Maskati, nikaanza kufukiza nguo, kama tufanyavyo mtu anapokwenda mahali pa maana. Nilikuwa nimefukiza kanzu ya ndugu yangu, na hata suruali ya zipu ya mposaji nikaihurumia, moshi ukapenya kwenye makuti ukatoka nje. Kwanza nikasikia kengele, kisha miguu, kisha mlango ukafunguliwa wakaingia wahudumu na ndoo. Maji yale yalinifika mimi, chetezo na nguo zote. Nilibaki nimesimama ninachuruzika, nimeshika kiganja cha udi mzuri. Watu wale wanapikia kuni tangu wazaliwe, na hawakuweza kutofautisha moto na manukato.

Mposaji hakucheka safari hiyo. Aliinama akaokota vipande vya udi kimoja kimoja kutoka kwenye mbao zilizolowa, akavitandaza juu ya kitambaa chake vikauke. Kamera ilikuwa shingoni mwake na hakuigusa. Nililiona hilo, nikaliweka kando. Mtu mmoja hakosei siku nzima.

Chakula cha usiku kilikuwa supu, kisha sahani kubwa yenye kitu kidogo katikati. Nyama hatukula, maana hatukujua imechinjwa na nani; tulikula mayai na maharage, na tende zetu, na halua tuliyoibeba kutoka kwetu. Kando yetu walikaa Wazungu wazee waliokwisha kwenda kwa masokwe, nao walikuwa wakishindana nani alikaribiwa zaidi. Mmoja aliguswa bega. Mwengine aliguswa na mdogo kisha na mkubwa. Bibi mmoja alisema amelia. Walisimulia kama mahujaji, isipokuwa mahujaji hawaonyeshani video mezani.

Katika kitambo hicho ndugu yangu alikuwa akipiga chafya ndani ya kitambaa cha meza, na mposaji, aliyelala naye kibanda kimoja, akaanza kujifuta pua.

Nilichokuwa nimekielewa mpaka hapo ni kwamba kwenda kwa masokwe kuna sharti moja ambalo halina msamaha. Mwenye mafua au kikohozi haendi. Liliandikwa mapokezi, liliandikwa chumbani, dereva alilisema njiani. Wanyama wale wanaambukizwa maradhi yetu, na mafua ya mtu mmoja yanaweza kuua familia nzima. Ukiwa mgonjwa unabaki, na nafasi yako imepotea. Watu hungojea nafasi hiyo miezi.

Kuta za mbao hazina siri. Alfajiri ya siku ya kwenda nilikuwa nimemaliza kuswali, niko kwenye msala, nikasikia kutoka kibanda cha pili sauti ya ndugu yangu, sauti ileile ya darasani.

"We nyamaza tu. Kunywa hivi viwili, vaa barakoa, mtu hatajua. Na mimi nimekunywa. Tumetoka mbali."

Nikasikia chafya.

"Wale ni wanyama, bwana. Na zaidi ya hayo, kaka mkubwa akikuona umebaki hotelini umejifunika blanketi atasema huna nguvu, na posa yako imekwisha. Unamjua alivyo."

Nilingoja nimsikie mposaji atajibu nini. Hakujibu. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye gilasi, basi.

Nikakunja msala. Nilijiona nimeshamaliza kazi yangu na ningeweza kurudi Maskati asubuhi ileile. Salalah isingenionyesha haraka namna hii. Mtu anayeficha ugonjwa ili asikose kutazama, mwaka huu atawaficha walinzi wa msitu, mwakani atamficha mke. Nikaanza hata kutunga maneno ya kumwambia mdogo wangu, na maneno yenyewe yalikuwa mazuri, na kila nilipoyarudia niliiona sura yake akinisikiliza bila ya kulia.

Tulikusanywa ofisi ya hifadhi, kiwanjani, wageni kwenye viti vya mbao. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye bunduki na mabuti, aliyejifunza Kiswahili jeshini, na alikitumia kama panga. Alisema kwa Kiingereza kwanza, kisha akatugeukia sisi watatu.

"Nyinyi mnanukia Idi," akatwambia. "Wale watajua mnakuja kabla hamjatoka hapa."

"Huo ni udi," nikasema, "na umeshazimwa na maji."

Wazungu hawakuelewa lakini walicheka. Kisha akaacha mzaha, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani ana mafua? Kikohozi? Tumbo? Sema sasa. Huko juu nikisikia chafya, ninarudisha mtu, na sitaongea vizuri."

Wazungu wakatazamana. Ndugu yangu alikuwa amevaa barakoa mpaka chini ya macho na ameshika fimbo yake wima kama askari wa sanamu. Mimi nilikuwa namtazama mposaji. Nilikuwa namngojea anyamaze, nitoke pale nikiwa na haki yangu mkononi.

Akanyanyua mkono.

"Mimi nina mafua," akasema. "Tangu jana jioni."

"Makali?"

"Hata kama si makali. Nimeamka nayo."

Kiongozi akamwangalia kwa namna ya mtu aliyezoea kudanganywa. "Unajua hurudishiwi nafasi?"

"Najua."

"Mnalala wangapi chumba kimoja?"

Nikaiona barakoa ya ndugu yangu ikivutwa ndani kwa pumzi na kubaki hivyo. Mposaji akasema, "Mimi najisemea mwenyewe, dada. Wengine wana midomo yao."

Hakunitazama mimi wala hakumtazama ndugu yangu. Alifungua kamera shingoni akaitia mkobani, akaanza kufunga zipu. Alikuwa ameyasoma mambo ya masokwe hao tangu Maskati, akijua wanalala wapi na wanakula majani gani. Alikuwa anaamini pia, kama alivyoambiwa alfajiri, kwamba kwa kubaki amempoteza mwanamke anayemtaka. Alinyanyua mkono hata hivyo.

Sikuwa na haja ya kufikiri. Nimelea watu wawili, na mmoja wao alikuwa amekaa pale na mdomo wake umefungwa.

"Na huyu," nikasema, nikimwonyesha ndugu yangu kwa kidole. "Ndiye aliyemwambukiza."

"Kaka!" Ndugu yangu akavuta barakoa chini. "Usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Heshima yako umeimeza alfajiri na vidonge."

"Ni mzio tu. Vumbi! Mimi ni daktari, najua."

"Daktari wa uongozi. Haya, waongoze wagonjwa wenzio hotelini."

Kabla hajanijibu alipiga chafya tatu mfululizo, na kiongozi akarudi nyuma hatua akiwa ameshika bunduki, nadhani kwa mazoea. Mambo yakaishia hapo. Ndugu yangu alinitupia maneno ya Kiarabu ambayo mama hakumfundisha, akaenda akaingia garini akafunga kioo. Mpaka leo akija kwangu hukaa kiti cha mbali na kujibu kwa neno moja moja. Namkaribisha kahawa. Nilimlipia masomo yake ili awe mtu, sikumlipia ili awe mjanja.

Nikataka kubaki na mimi, kwani mimi ndiye niliyekuwa sina haja na masokwe tangu mwanzo. Mposaji akaja, akasimama mbali kidogo.

"Nenda, mzee. Shekhe. Mmoja wetu lazima awaone. Utatusimulia."

Akatoa zile glavu mfukoni, akaziweka juu ya kiti na kurudi nyuma ili nizichukue. "Zimefuliwa, sijazivaa," akasema.

Nikaenda. Nitausema mlima ule kwa ufupi kwa sababu haustahili zaidi. Ni ukuta uliooteshwa miti. Hakuna njia, kuna mtu mbele mwenye panga, na wewe unapita mahali ambapo panga limepita, ukiteleza, ukishika chochote. Na kila chochote kilikuwa upupu. Wazungu walilia huku na huku, na bwana mmoja aliyekuwa na fimbo ya chuma akaipoteza bondeni. Mikono yangu, ndani ya glavu za mtunza bustani, haikuguswa. Nilipanda nikiwa nimekasirika nazo.

Kabla hatujawaona, kiongozi alituzuia kwa mkono, kisha akakohoa. Si kikohozi cha mgonjwa. Ilikuwa ile "ehhm" nzito ya kooni, mara mbili, taratibu. Nikamuuliza kwa ishara. Akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyobisha hodi, ili wenyewe wajue anayekuja ni mtu wa amani. Nikabaki nimesimama kwenye tope. Ndivyo alivyofanya baba kila siku ya maisha yake, kizingitini, alipokuwa na mgeni wa kiume, ili wanawake wajifunike. Mpaka leo mimi hukohoa hivyo nikiingia nyumbani kwangu mwenyewe. Kiongozi akanitazama, nikakohoa na mimi. Majani yakaitika upande wa pili.

Nikawaona. Dume lilikuwa limekaa, mgongo wa fedha, tumbo mbele, linakula. Majike walikuwa wanakula. Watoto walikuwa wanagaragazana na kuanguka. Dume lile lilitutazama mara moja kama mwenye duka anavyomtazama mtu asiyekuja kununua, kisha likaendelea kuvunja matawi. Basi. Najua ndugu yangu angekuwapo angesema kwamba nilijiona mle, mlezi wa familia, na nini na nini. Sikujiona. Mimi sijapata kukaa namna ile na kula huku watu wakinitazama. Nilifikiri jambo moja tu, nikiwatazama wale wadogo wakipakaana mate na kulambana nyuso: kwamba chafya moja ya mwenye shahada ingewamaliza. Bibi mmoja wa Kizungu alilia, kama yule wa mezani. Muda ukaisha, tukashuka.

Niliporudi hotelini kibanda cha ndugu yangu kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Mposaji alikuwa kibarazani, blanketi mabegani, barakoa usoni. Mbele yake alikuwa ameweka meza na sahani ya tende, vipande vyangu vya udi vilivyokauka, na dele la kahawa. Alikwenda jikoni kwao akaichemsha mwenyewe, akatia iliki. Aliponiona akasimama.

Kumimina kahawa ni kazi ya mdogo, na watu wengi wa siku hizi hawaijui. Alishika dele kwa kushoto na kikombe kwa kulia, akamimina robo, kama inavyotakiwa. Kisha, kabla ya kunipa, aliugeuza uso wake pembeni kabisa, akaninyooshea mkono mrefu, ili pumzi yake isinifikie. Nilikunywa. Akamimina tena, uso pembeni. Nilipotosheka nikatikisa kikombe, akakipokea hivyohivyo, akitazama msitu.

Nikamrudishia glavu. Zilikuwa na tope hadi kifundoni.

"Upupu ulikuwepo?" akauliza.

"Ulikuwepo."

Akazikung'uta tope. Alitaka kuuliza na alikuwa anaogopa.

"Uliza," nikamwambia.

"Wakoje?"

Nikamsimulia. Mimi si mtu wa kusimulia, lakini alisikiliza kama mtu anayenywa maji. Aliniuliza dume lilikaa vipi, na watoto walikuwa wa ukubwa gani, na kama kweli kiongozi alikohoa. Nilipomkoholea kama alivyokohoa, akafumba macho. Sikumwona akiitafuta kamera yake, wala hakutaka picha, na mimi sikuwa nimepiga hata moja.

Simu yangu ilikuwa imerudi kutoka mapokezi, ikalia. Alikuwa mdogo wetu. Alikuwa amengoja mpaka saa aliyojua nimeshashuka. Mposaji aliliona jina, akainuka aende zake. Nikamwashiria akae.

"Kaka," akasema, kwa hiyo nikajua hayuko peke yake. "Mmewaona?"

"Nimewaona. Wanakula majani."

"Basi tu?"

"Basi tu. Hata Salalah kuna ngamia wanakula majani."

Akacheka kidogo, kisha nikasikia mlango ukifungwa na sauti yake ikashuka. "Baba. Na yule?"

Nikamtazama. Alikuwa ameshika blanketi kwa mikono miwili, macho mekundu, pua nyekundu, kofia yake ya kamba imekaa upande. Sura ya mwanamme wa kumpa dada yako haikuwa.

"Yule ana mafua," nikasema. "Hakwenda. Amejitaja mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waambie jamaa zake waje Ijumaa tukisharudi, baada ya alasiri. Na halua wasilete ile ya dukani."

Sikusikia kitu upande wa pili. Nilifikiri mtandao umekatika, kwani na mtandao wao ulikuwa wa kati. Kisha nikamsikia anavuta pumzi, naye ndiye sasa aliyekuwa analia, akanikatia simu.

Mposaji alikuwa amesimama. Alitaka kunijia, sijui kunibusu kichwa au kunishika mkono, na akapiga hatua mbili.

"Kaka," akasema. Mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Kaa hukohuko," nikamwambia. "Mpaka mafua yapone."